Watazame Waliosimama Pembeni: Ushauri kwa Wanaoanza Kuchambua Filamu za Kutisha za Kisayansi

Kijana anayekuja kwetu kujifunza kuchambua filamu huwa amebeba nyenzo moja tu, ile aliyopewa kwenye somo la fasihi sekondari: fani na maudhui. Dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mtazamo. Unamwonyesha filamu ya viumbe wa anga za mbali wanaorarua watu, anaitazama saa mbili bila kupepesa macho, kisha anaandika kwamba ujumbe wa filamu hii ni kuwa tusibaguane. Anafunga daftari, kazi imekwisha.

Nyenzo ile ni nzuri na sitaki muitupe. Shida ni haraka ya kukimbilia ujumbe. Filamu inaweza kutangaza ujumbe mmoja kwa sauti ya juu, na papo hapo picha zake zikafundisha kinyume. Filamu za kutisha za kisayansi zina nafasi kubwa ya kufanya hivyo, kwa sababu mtazamaji akishaogopa hahoji tena. Akili yake yote iko kwenye mlango ambao dude litatokea. Wakati huo anapitishiwa watu, kazi, lugha, rangi na vyeo, naye anavipokea vyote kama vilivyo.

Nawaandikia ninyi mnaoanza, mlio Kigoma mjini, Kasulu, Kibondo, pamoja na wenzetu wa Tabora mliokuwa mnauliza muanzie wapi. Nimeongoza mazungumzo ya filamu hapa Mwanga, Kigoma mjini, kwa miaka sasa, na jambo ninalolishikilia kuliko yote ni hili: ukitaka kujua filamu imesimama upande gani, muache kwanza zimwi. Muache hata steringi. Watazame waliosimama pembeni: wapishi, walinzi, vibarua, wakimbizi, mke wa steringi, genge lililowekwa mtaani ili picha iwe na fujo. Hapo mtengenezaji wa filamu hajajipanga kujitetea, na hapo ndipo anaposema anavyowaona watu.

Msianze na Hollywood. Anzeni na hadithi tulizonazo. Enzi za ukoloni zilivuma Afrika Mashariki nzima hadithi za mumiani, watu waliosemekana kukamata raia usiku, kuwanyonya damu na kuipeleka ikatengenezwe dawa. Waulizeni wazee nyumbani, bado wapo wanaozikumbuka. Ukizisikiliza kwa makini utaona zina vifaa vyote vya bunilizi ya kisayansi: gari la ajabu linalopita usiku, sindano, mipira ya kufyonzea, jengo ambalo mtu wa kawaida hajui ndani kuna nini. Na ukiuliza nani alishukiwa, utatajiwa wazimamoto, askari, watu wa hospitali, wapima ardhi. Hao ndio waliokuwa na mamlaka ya kumgusa mtu mwili wake au kuingia shambani kwake bila kumwomba ruhusa. Wanahistoria wamekusanya masimulizi haya na kuyachukulia kwa uzito, kwa kuwa hata kama damu haikunyonywa, hofu yenyewe inaeleza kitu cha kweli kuhusu utawala ule: watu walijiona wanachukuliwa nguvu zao na wakubwa wasiowajibika kwao. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virejeshwe, Pemba na Unguja zilikumbwa na hofu ya Popobawa, zimwi lililosemekana kuvamia watu usiku, na hadi leo wapo wasioweza kuisimulia hofu ile bila kuitaja siasa ya mwaka ule.

Kwa hiyo zoezi langu la kwanza halihitaji runinga. Chukua hadithi moja ya kutisha uliyosimuliwa nyumbani. Andika nani anaogopwa, ana kifaa gani, anamchukua nani, na nani akichukuliwa hatafutwi. Jibu la swali la mwisho ndilo lenye siasa nyingi zaidi.

Ukishazoea kuuliza hivyo, tazama Alien, filamu ya mwaka 1979 iliyoongozwa na Ridley Scott. Wengi wanaikumbuka kwa dude linalopasua kifua cha mtu mezani. Mimi nataka mtulie kwenye mazungumzo yanayotangulia. Wafanyakazi saba wako kwenye chombo cha mizigo kinachoburuta shehena ya madini kurudi duniani. Wanaamshwa katikati ya safari. Mafundi wawili, Parker na Brett, wanaofanya kazi kule chini kwenye mabomba na mvuke, wanaanza kuulizia malipo yao, kwamba mbona wao wanapata fungu dogo kuliko wenzao. Kisha inapokewa ishara kutoka sayari isiyojulikana, na Parker anasema wazi kwamba hiyo si kazi aliyoajiriwa kuifanya. Anajibiwa kwa kifungu cha mkataba: ishara ya namna hiyo lazima ichunguzwe, ukikataa unakosa malipo yote.

Zimwi bado halijaonekana, na tayari tuna mgogoro wa ujira. Baadaye inagundulika kwamba Kampuni iliyowaajiri ilijua. Iliweka ndani ya chombo roboti mwenye sura ya mtu, na agizo lake ni kiumbe kifikishwe duniani, uhai wa wafanyakazi si muhimu. Baada ya hapo, mkiandika kwamba filamu hii ni ya dude linaloua watu, mtakuwa mmeisoma nusu. Dude linaua kwa sababu ni mnyama. Waliowapeleka watu mdomoni mwake walikuwa na karatasi, saini na hesabu.

Mtu wa Kigoma ana sababu yake ya kuliona hili upesi. Mkoa huu, enzi za Waingereza, ulitegemewa kutoa vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Babu zetu walipanda treni ileile ya reli ya kati, kila mmoja na namba yake, wakaitwa manamba. Wapo waliorudi na baiskeli, wapo waliorudi wagonjwa, wapo wasiorudi. Ukiwa mjukuu wa manamba, malalamiko ya Parker hayakuchekeshi. Msione haya kuandika kutoka hapo mlipo, mradi msiseme Ridley Scott alikuwa anawafikiria Waha. Semeni filamu imejenga uhusiano wa kampuni na kibarua wa mbali kwa namna hii, na sisi tunaujua uhusiano huo kwa namna hii.

Kuna jambo la pili kwenye filamu hiyo ambalo wanaoanza hulirukia. Aliyevaa vazi la zimwi katika sehemu kubwa ya filamu ni Bolaji Badejo, kijana Mnigeria aliyekuwa anasomea sanaa London, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2. Kila nikiwaambia hivyo, mtu anainua mkono: "Kumbe Mwafrika kafanywa zimwi!" Subiri. Walikuwa wanatafuta mwili mrefu na mwembamba kupita kawaida, ili mtazamaji asiweze kukisia kuwa ndani kuna binadamu, na uso wake hauonekani hata mara moja. Kwa hiyo huwezi kusema mtazamaji alifundishwa kumwogopa mtu mweusi kwa kumwona yule. Lakini pia ni kweli kwamba umbo lake ni miongoni mwa maumbo yanayojulikana sana katika historia ya sinema, na walioijua filamu hiyo maisha yao yote wengi hawalijui jina lake. Andika vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Cha kwanza kinahusu kilicho kwenye skrini, cha pili kinahusu nani anakumbukwa baada ya kazi. Mchambuzi anayevichanganya anapoteza haki ya kuaminiwa hata anapokuwa na hoja.

Kuhusu Ripley, mwanamke anayebaki hai mwishoni, mengi yameshaandikwa na sitayarudia. Nitataja moja tu: waandishi wa mswada wa kwanza waliacha maelekezo kwamba nafasi zote zinaweza kuchezwa na mwanamume au mwanamke. Tazameni Ripley anavyogoma kufungua mlango kwa mujibu wa kanuni za karantini, huku wenye cheo wakimwamuru afungue. Ni mtu anayejua kazi yake, na anaonekana hivyo tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye filamu ambayo hapa kwetu inazungumzwa kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote. District 9 ilitoka mwaka 2009, mwongozaji ni Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg. Chombo kikubwa cha anga kinasimama juu ya jiji la Johannesburg mwaka 1982. Ndani yake wanakutwa viumbe waliodhoofu kwa njaa. Wanashushwa, wanawekwa kambini, kambi inageuka mtaa wa mabanda, na wakazi wa jiji wanawachoka. Zaidi ya miaka 20 baadaye kampuni ya silaha iitwayo MNU inapewa kazi ya kuwahamishia kambi nyingine mbali na mji. Msimamizi wa zoezi ni Wikus, karani mchangamfu anayepita mlango hadi mlango na fomu akidai saini.

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja juu ya filamu hii, someni historia. Jina lenyewe linawakumbusha Waafrika Kusini District Six ya Cape Town, eneo lililotangazwa kuwa la Wazungu mwaka 1966 chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa, nyumba zao zikabomolewa. Na Mei 2008, zilizuka ghasia dhidi ya wahamiaji, zikaanzia Alexandra, Johannesburg, na kusambaa, watu zaidi ya 60 wakauawa. Mabanda mnayoyaona kwenye filamu ni ya kweli, yako Chiawelo, Soweto. Kwa hiyo kuna ubaguzi wa aina mbili ndani ya filamu moja: ule wa zamani wa makaburu dhidi ya weusi, na ule mpya wa maskini wa Afrika Kusini dhidi ya maskini waliotoka nchi nyingine za Afrika. Asiyejua hili ataona makaburu tu, na ataishia nusu ya njia.

Sisi tuna sababu ya tatu ya kuitazama kwa macho makavu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko ya uchaguzi walirundikana ufukweni Kagunga kwa makumi ya maelfu, kipindupindu kikazuka, meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kwa zamu kuwaleta Kigoma mjini, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka kituo cha kupumzikia. Wengi wenu mlikuwa watoto lakini mnakumbuka. Nchi hii pia ina historia ambayo watengenezaji wa filamu hawajaigusa: Warundi wa mwaka 1972 waliopokelewa Ulyankulu, kule Tabora, na makazi mengine ya Katumba na Mishamo, wakapewa mashamba, wakalima, na miongo kadhaa baadaye zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Filamu inayojua kufikiri njia moja tu ya kuishi na mgeni, yaani uzio, haijamaliza mambo yanayowezekana.

Tukiwa tunaitazama District 9, wengi hufurahia bunduki za ajabu zinazopasua watu. Kijana mmoja aliyekulia kambini alitutaka turudishe nyuma hadi tukio dogo ambalo wengine tulikuwa tumelipita. Kiumbe mmoja, jina lake Christopher Johnson, anapewa karatasi ya kuhamishwa. Badala ya kuweka alama anaisoma, kisha anasema zoezi hilo si halali, taarifa ilipaswa kutolewa saa 24 kabla. Wikus anaduwaa. Hakutegemea kusomewa sheria. Anageuka na kuanza kumtishia kwa habari ya mtoto wake. Yule kijana alisema hapo ndipo filamu yote ilipo: mwenye fomu hana tatizo na anayepiga kelele, ana tatizo na anayesoma. Sijasikia uchambuzi mzuri kuliko huo, nao ulitoka kwa mtu aliyemtazama wa pembeni, maana katika dakika hiyo Christopher bado ni wa pembeni, filamu haijatuambia kwamba atakuwa mtu muhimu.

Mwingine wa pembeni ni Fundiswa, kijana mweusi anayejifunza kazi chini ya Wikus. Asubuhi ya operesheni anaulizia fulana ya kuzuia risasi, hapati. Tukio linachukua sekunde chache, watu wanacheka, linapita. Mwishoni tunaambiwa ni Fundiswa aliyefichua majaribio haramu ya MNU, na amefungwa kwa ajili hiyo. Jiulizeni kwa nini mtu aliyefanya tendo la kishujaa kuliko wote hakupewa hata dakika 5 za kuonyeshwa akilifanya. Badala yake tunapewa saa nzima ya mateso ya Wikus, ambaye amemwagikiwa na kimiminika cheusi cha kuendeshea chombo cha viumbe na mwili wake unageuka taratibu kuwa wa kiumbe. Maumivu ya mamilioni ya viumbe yanatufikia kwa kupitia mkono wa karani mmoja mzungu. Hata anapokuwa anawindwa, Wikus anampiga Christopher kichwani na kujaribu kuondoka na chombo chake. Hapa filamu ni kweli kabisa, haimgeuzi kuwa malaika, na ninaisifu kwa hilo. Ila bado ni yeye tunayeombwa kumlilia.

Halafu kuna Wanigeria. Ndani ya mtaa wa mabanda kuna genge lao. Linauza chakula cha paka kwa viumbe kwa bei ya kuua, linanunua silaha, linaendesha ukahaba, na kiongozi wake, kwa ushauri wa mganga, anakula nyama ya viumbe ili apate nguvu zao. Anaitwa Obesandjo, jina linalofanana mno na la Olusegun Obasanjo, rais wa Nigeria kuanzia mwaka 1999 hadi 2007. Aliyemwigiza, Eugene Khumbanyiwa, ni Mmalawi. Serikali ya Nigeria ilichukia. Waziri wa Habari wa wakati huo, Dora Akunyili, alitaka filamu isionyeshwe nchini mwao na akadai waombwe radhi.

Mara nyingi kundi letu hugawanyika hapa. Wako wanaosema filamu imejifanya ripoti ya runinga, kwa hiyo inaonyesha chuki za watu wa Johannesburg, haizikubali. Hoja hiyo ina uzito na lazima ijibiwe kwa ushahidi. Kipimo ninachowapa ni hiki: je, ndani ya filamu kuna mtu anayeipinga ile taswira? Watu wanahojiwa na kusema viumbe ni wezi, wajinga, wachafu. Kisha anatokea Christopher, baba mwenye mtoto, anayesoma sheria na aliyekiunda kimiminika kile kwa miaka 20, na kila neno baya lililosemwa linaanguka. Filamu imezipinga chuki za aina hiyo. Sasa mtafuteni Mnigeria mmoja ndani ya filamu nzima anayefanya kazi hiyo: muuza duka, muuguzi, mama anayepita na mtoto mgongoni. Hayupo. Chuki dhidi ya viumbe inawekwa na kuvunjwa, chuki dhidi ya Wanigeria inawekwa na kuachwa. Filamu iliyojitolea kutetea wageni wa anga imewarudisha wageni wa Afrika kwenye sanamu ya mla nyama na mganga.

Sisemi kwamba msiitazame. Naipenda na nitaendelea kuionyesha. Nasema kwamba mchambuzi anayeandika "filamu hii inapinga ubaguzi" na kuishia hapo amewaacha Wanigeria mlangoni. Na kipimo hicho hicho mkitumie kwa wanawake. Mke wa Wikus yuko kwa ajili ya kulia na kupokea simu. Hata miongoni mwa viumbe hatuonyeshwi mama.

Kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea filamu tulikolelewa, kuna sheria moja inayojulikana na kila mtoto: steringi hafi. Ndiyo maana nawataka wote, mapema kabisa, watazame Night of the Living Dead, filamu ya George A. Romero ya mwaka 1968, iliyopigwa kwa fedha kidogo huko Pennsylvania. Maiti wanafufuka, na taarifa ya habari inahusisha jambo hilo na mionzi kutoka chombo kilichotumwa Zuhura. Steringi ni Ben, mtu mweusi, ameigizwa na Duane Jones. Anawaongoza wenzake Wazungu waliojifungia nyumbani, anapigilia mbao madirishani, anabishana na baba mmoja mkaidi, na anaumaliza usiku akiwa hai. Asubuhi linakuja kundi la wanaume wenye bunduki na mbwa, waokoaji. Wanamwona dirishani na kumpiga risasi. Kisha zinafuata picha za mnato, wanaume wameshika ndoano, mwili unaburutwa hadi kwenye moto. Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili 4 mwaka uleule, filamu ikaanza kuonyeshwa Oktoba. Mswada haukutaja rangi ya Ben, na hakuna mhusika anayeizungumzia hata mara moja. Haikuhitajika. Mtazamaji wa Marekani aliziona picha zile za mwisho akajua amewahi kuona wapi kundi la namna hiyo. Nimeikazia kwa sababu inafundisha kwamba uwakilishi haukai kwenye maneno tu. Ukingoja mhusika atamke neno "ubaguzi" ndipo uandike, utakosa filamu zilizo bora.

Neno kuhusu filamu zilizotafsiriwa. Tangu enzi za Lufufu, msimulizi maarufu wa filamu za nje kwa Kiswahili, Watanzania wengi tumeziona filamu za nje kupitia sauti ya mtu anayesimulia juu yake, na kazi hiyo ni sanaa kamili, naiheshimu. Lakini msimulizi anaongeza yake. Akiwapa viumbe lafudhi ya kabila fulani, akimfanya mlinzi kuwa mtu wa mkoa fulani, ameandika uwakilishi mpya ambao Blomkamp haujui. Kwa hiyo kwenye daftari andika umetazama nakala ipi. Ukiweza, tazama mara ya kwanza na wenzako kibandani, usikie wanapocheka na wanaponyamaza. Mara ya pili itazame peke yako ukiwa umezima sauti kabisa. Bila sauti na muziki, hofu inapungua na unaanza kuona nani yuko katikati ya fremu na nani amekatwa kichwa, nani kamera inamtazama kutoka juu, nani anaonekana kwa mgongo tu. Mara ya tatu andika: nani ana jina, nani anaongea, nani anafanya kazi ya mikono, nani anafaidika, na watu wanakufa kwa utaratibu gani. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna njia ya mkato.

Unapokuja kuandika, shika tukio. "Filamu inaonyesha unyanyasaji" ni sentensi isiyomsaidia msomaji. "Fundiswa anaulizia fulana ya kuzuia risasi, hapewi, na wenzake wanaendelea na safari" inamfanya aone mwenyewe. Usiandike kwamba mwongozaji alikusudia hivi kama hajasema, andika kilichopo. Usijaze karatasi maneno mazito ya kigeni ili uonekane umesoma. Mama anayeuza dagaa Kibirizi akisomewa uchambuzi wako aweze kubishana nao.

Na mkumbuke chumba mlichokaa kina nani. Hapa Kigoma, ukisema "wakimbizi" katika mazungumzo ya District 9, huenda aliye kiti cha nyuma alizaliwa kambini, au mama yake alishuka kutoka Liemba. Usimgeuze kuwa kielelezo chako. Usimwombe asimulie. Akitaka kusema atasema, na akisema, msimkatize kwa nadharia. Usiwalinganishe watu na viumbe wa filamu mbele yao, hata kwa nia njema. Linganisha fomu na fomu, uzio na uzio, amri na amri. Vitu hivyo ndivyo vinavyofanana.

Mtakutana pia na filamu ambazo hofu yake ni ya ugonjwa, ya giza, ya mwili kuoza, na siasa mkiitafuta mtaitengeneza wenyewe. Ziacheni zitishe. Kipimo ni kama kuondoa tafsiri yako kunaliacha tukio likiwa na pengo. Kama halina pengo, huna tafsiri, una shauku tu.

Wachache wenu mmeniambia mnataka kuandika miswada yenu, mumiani wa siku hizi mwenye kompyuta, dude la vilindi vya ziwa letu, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470 halina haja ya kuazima hofu kwa mtu. Lakini mnajua sisi wenyewe tunavyochorwa kwenye vichekesho: Mha ni mlinzi wa geti au msichana wa kazi, Kigoma ni mwisho wa reli na makao ya waganga. Msije mkaandika Mrundi au Mkongo wenu kwa kalamu ileile. Kwa hiyo mkiniletea mswada, ukurasa wa kwanza uwe na orodha ya wahusika wasio na majina, kibarua wa pili, mwanamke wa sokoni, mlinzi, na mbele ya kila mmoja sentensi moja inayosema anataka nini usiku ule dude linapotokea. Nitaanza kusoma hapo, kisha ndipo nifike kwa zimwi.